Vidonge vya Mjomba

Ndugu zangu, nisikilizeni, hasa ninyi ambao neno lenu husubiriwa na ukoo mzima.

Asubuhi ile huko Kinole ukungu ulikuwa umekwisha panda mlimani. Mzee Salum alikaa juu ya gogo, mguu wake mbovu ameunyoosha, akimtazama mpwa wake Mwanvita akitandaza karafuu jamvini. Mwanvita aliishi mjini, Mafiga, na mumewe Halidi, lakini kila msimu wa karafuu alipanda kwao kumsaidia mjomba. Mama yake alikwisha fariki. Nasi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba asiposema, jambo halijasemwa.

"Mjomba, unavyozikodolea macho hizi karafuu, utadhani nitaziiba."

"Mama yako naye alikuwa mwizi wa karafuu. Damu hiyo."

Walicheka. Kisha Mwanvita akashika shavu la kulia. "Upande huu unaniuma tangu juzi. Nadhani jino. Na pua imeziba."

"Dawa zako za kisukari unakunywa?"

"Nilizisahau mjini. Wiki ya pili hii. Nikishuka nitaendelea."

Mzee Salum akaingia ndani, akatoka na kikaratasi. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo alivyozoea kununua dukani kwa ajili ya goti, bila cheti cha daktari. "Hivi ndivyo vinavyoninyanyua mimi. Meza viwili asubuhi, viwili jioni."

"Vinatibu nini?"

"Kila kitu."

Alimpa kwa mapenzi, ndugu zangu. Mapenzi nayo huua, yasipouliza.

Kesho yake maumivu yalipungua na Mwanvita akamsifu mjomba. Siku ya nne uso ulivimba upya na kope la kulia likaanguka.

"Mjomba, nakuona uko wawili."

"Basi una bahati, wenzako wana mjomba mmoja tu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Halidi alikuja na pikipiki, akamshusha mkewe hadi hospitali mjini.

Jumatano Halidi alipiga simu.

"Shikamoo, mjomba. Sukari imepanda mno. Daktari ameona weusi ndani ya pua na juu mdomoni. Wamekata kinyama kidogo, wakakipima. Wanasema ni fangasi."

Mzee Salum akacheka kwa kufarijika. "Fangasi? Hii ya vidoleni? Si wampake mafuta!"

"Siyo hiyo, mjomba. Hii inaingia ndani, inakula nyama na mfupa. Wameanza kumpa dawa ya kupitia mshipani, lakini dawa haifiki kwenye nyama iliyokwisha kufa. Wanataka kumpasua leo, waondoe yote iliyooza. Na jicho huenda likaondoka."

"Jicho la mtoto wa dada yangu, kwa fangasi? Wasimguse mpaka nifike. Jumamosi nina kikao cha mipaka ya mashamba ya ukoo. Nitashuka Jumapili."

"Mjomba, daktari anasema hata siku moja ni—"

"Halidi! Wewe umeoa, hukununua."

Halidi akampelekea mkewe neno la mjomba. Mwanvita alipoletewa karatasi ya kuridhia upasuaji aliirudisha. Daktari alimsihi asubuhi na jioni, leo na kesho, naye akajibu lile lile: "Mjomba akiridhia, nami nimeridhia."

Jumapili Mzee Salum alishuka na mkungu wa ndizi. Alipofika kitandani, mkungu ulimponyoka. Shavu lilikuwa jeusi. Jicho lilikuwa limetokeza nje, wala halikuona tena.

"Mjomba, umekuja," Mwanvita alisema kwa shida. "Karafuu umeanua?"

"Nimeanua," alisema mzee. Alikuwa amezisahau jamvini, na usiku uliotangulia mvua ilikuwa imezinyeshea.

Daktari Jesca alimwita pembeni, yeye na Halidi. "Shikamoo, mzee. Fangasi hii iko kwenye udongo na majani yanayooza. Mimi na wewe tunaivuta kwa pumzi kila siku, na mwili unaifukuza. Sukari ikipanda sana, mwili unashindwa. Kuna dawa nyingine alikuwa anameza?"

Mzee Salum aliingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi cha vile vidonge. Daktari alikigeuza geuza.

"Hivi hutuliza uvimbe, lakini hupandisha sukari na kulaza kinga ya mwili. Kwa mwenye kisukari ni kumfungulia mwizi mlango. Nani alimpa?"

Halidi aliinamisha macho. Alijua, na hakusema.

"Mimi," alisema mzee. "Sasa mpasueni. Nimeridhia. Ondoeni jicho, ondoeni chochote."

"Jumatano tuliomba jicho, mzee. Leo ugonjwa umekaribia ubongo. Tutajaribu."

Walijaribu kweli. Walimpasua siku ile ile, na dawa ya mshipani haikukatika. Jumanne alfajiri Mwanvita akafariki. Alizikwa Kinole, kando ya mama yake.

Siku ya arobaini, baada ya dua, Mzee Salum alisimama mbele ya ukoo akiegemea fimbo. Mkononi alishika kile kikaratasi.

"Nilimpa dawa nisiyoijua," alisema, "nikamzuilia ile ya wanaojua. Toka leo, mtu wetu akilazwa na daktari akasema apasuliwe sasa, msinipigie simu kuniomba ruhusa. Nipigieni kunijulisha tu."

Halidi alimshika mkono, akamsaidia kukaa.

Funzo

Wenye kisukari, msiache dawa zenu, hata kwa msimu mmoja wa mavuno. Uso ukiuma au kuvimba upande mmoja, pua ikaziba au kutoa weusi, kope likaanguka au mtu akaona vitu viwili viwili, msiite jino na msingoje kesho. Nendeni hospitali, mkaseme wazi kila kidonge mlichomeza. Dawa iliyomwinua jirani yako yaweza kukulaza wewe.

Nanyi wajomba, heshima tuliyowapa ni ya kutulinda. Ugonjwa huu hausubiri kikao. Mwanvita alisubiri, kwa adabu yake yote, na jamvi lake la karafuu bado limekunjwa ukutani kwa Mzee Salum. Hajalitandaza tena.