Kimondo cha Uwanjani

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa wingi wa maneno, alimpelekea mama yake chai kwenye karakana ya kusubu vyuma. Kabla ya kumimina chuma kilichoyeyuka, mama aliengua uchafu ulioelea juu. Ukipoa, uchafu huo hugeuka mawe meusi, mazito, yanayong'aa. Mafundi huyaita mavi ya chuma na kuyatupa nyuma ya ukuta.

Wiki hiyo darasani walisoma habari za vimondo. Mwalimu alieleza kwamba watu wa kale, kabla hawajajua kuyeyusha chuma, walifua shanga na visu kwa chuma kilichoanguka kutoka angani. Na kwamba wataalamu bado wanabishana kama kuna makazi yaliyowahi kuteketezwa na kimondo. Mtafiti wa vimondo angekuja kuona maonyesho ambayo wanafunzi wangeandaa.

Mwenzake Chiriku wa dawati alifinyanga mfano wa shimo lililochimbwa na kimondo. Chiriku mwenyewe hakuwa na kitu cha kuonyesha. Akaokota jiwe nyuma ya karakana, akasema ameliona likianguka uwanjani. Darasa zima likamzunguka, na meza ikawa yake. Mfano wa udongo ukasukumwa chini.

Siku ya maonyesho mtafiti, mama wa makamo, aliligeuzageuza jiwe. Alisema lina vitundu vingi, na ni nadra kimondo kuwa navyo, lakini si jambo lisilowezekana. Akaomba apelekwe lilipoangukia.

Huko uwanjani alipiga magoti, akaanza kuchimba na kuchekecha vumbi, akitafuta vipande vingine. Yule mwenzake Chiriku wa dawati alimshikia mfuko, akiuliza maswali kwa furaha, bila kinyongo. Chiriku aliwatazama wakihangaika bure.

"Shangazi, usichimbe," alisema hatimaye. "Hapa hakikuanguka kitu. Hilo jiwe nimelitoa karakanani kwa mama. Ni mavi ya chuma."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akataka kujua kama alinawa mikono. Lakini aliyemuumiza zaidi ni yule ambaye hakucheka: mwenzake wa dawati aliuweka mfuko chini, akajipangusa vumbi, akatazama pembeni.

Mtafiti hakumfokea. "Watu wa kale tunaowachunguza hawakutuachia maandishi," alisema. "Wametuachia mawe, majivu na vyungu vilivyovunjika. Ukichanganya jiwe la uongo na mawe yao, unawasingizia msiba wa kimondo ambao haukuwapata, nao hawawezi kukukanusha. Huyu mwenzako anaweza. Anza na yeye."

Chiriku akamwomba mwenzake radhi. Waliporudi darasani aliinua ule mfano wa udongo. Ukingo wake ulikuwa umemeguka. Akauweka katikati ya meza, akataka kulitupa jiwe. Mtafiti akamzuia, akampa kipande cha karatasi aandike ni kitu gani na kimetoka wapi.

"Wote watasoma," Chiriku alinong'ona.

"Ndiyo, mwanangu. Sayansi haidai ulete kitu cha ajabu. Inadai useme kweli umekitoa wapi."

Akaandika kwa herufi kubwa.