Aliyekaa Meza ya Nne

Miwani ilihesabu wanafunzi kumi na watatu. Ndani ya maabara walikuwamo kumi na wawili.

"Programu imekosea," mhadhiri Ignas alisema akicheka. Chuo kilikuwa kimeipokea miwani hiyo wiki ileile. Ukiivaa unaona molekuli zikizunguka juu ya bika, na kila kitu kimeandikwa jina lake hewani. Wanafunzi wengi walisita, wakalalamikia kizunguzungu. Violeth, mmoja wao, aliipenda tangu siku ya kwanza.

Kesho yake, saa nne asubuhi, aliinua macho. Juu ya kiti kitupu cha meza ya nne paliandikwa: MAKOYE.

Makoye alikuwa kaka yake mkubwa. Duara, shimo la wachimbaji, lilimfukia Geita miaka mitatu nyuma, akichimba dhahabu, na mwili wake haukupatikana.

Violeth akavua miwani: kiti kitupu. Akavaa: Makoye amekaa, tope limemganda kifuani, na harufu ya udongo mbichi ikatanda mpaka Sesilia, rafiki wa Violeth, akaziba pua.

"Vio," Sesilia alinong'ona, "nani kachimba humu?"

Wenzake wakaikataa miwani mmoja baada ya mwingine. Violeth ndiye pekee aliyeandika kwenye dodoso la mhadhiri kwamba anaikubali kabisa. Aliingia maabara wa kwanza, akatoka wa mwisho. Siku ya nane Makoye akafumbua kinywa.

"Dada, huku baridi. Nikaribishe. Sema ndiyo tu."

Violeth, aliyelia miaka mitatu bila kaburi la kulilia, akasema ndiyo.

Akavua miwani. Kiti hakikuwa kitupu tena.

Kile kitu kikamfuata mpaka chumbani kwake, mtaa wa Ngokolo, nyayo zikilia chapa-chapa mchana kweupe kwenye barabara kavu, na kuta zikaanza kutoa maji mekundu, na kila alipogeuka uso ule ulikuwa karibu zaidi, haupepesi macho, na ndipo akakumbuka kwamba Makoye, tangu utotoni, hakuwahi hata mara moja kumwita dada.

Sesilia akamleta Sheikh Masudi. Mzee alisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri, jasho likimtiririka, kisha akafunga kitabu.

"Hili ni jini la shimoni. Limeazima sura ya marehemu."

"Litoe, sheikh. Tafadhali."

"Lingeingia kwa nguvu ningelitoa, mwanangu. Umelikaribisha mwenyewe." Akashusha sauti. "Na mtu wa pili wa damu yenu asiliitikie. Likiitikiwa, haliondoki mpaka mwishe nyote."

Violeth akaruka. Mama yake alikuwa amewasili asubuhi ileile kutoka Geita kumchukua, na sasa alikuwa uani akichambua mchicha. Hajaufikia mlango, akaisikia sauti ya kaka yake ikimwita mama kwa Kisukuma, taratibu, kama ya mtoto aliyeamka usingizini:

"Mayu."

Beseni likaanguka.

"Ng'wana wane!" mama aliitika, akilia kwa furaha, mikono ameinyoosha. "Baba, mwanangu, umerudi! Njoo kwa mama yako."