Bati Zilizogeuka Kamera

"Usicheke," kijana alimwambia.

Hilaria hakuwa na mpango wowote wa kucheka. Ilikuwa Nanenane, maonyesho ya wakulima, saa saba mchana, viwanja vya Nzuguni vimefurika watu, na upepo wa Agosti ulikuwa umemjaza vumbi mpaka kwenye kope. Fulana ya njano aliyopewa na ofisi ilikuwa saizi ya mwanaume, ameichomekea kwenye sketi ya kitenge ili angalau aonekane ana kiuno. Vipeperushi vilikuwa vinaruka mezani kila dakika, na kila aliyeingia kwenye banda la wizara yake aliuliza kama wanagawa maji. Sasa na huyu naye! Mrefu, shati la bluu mikono imekunjwa, kamera ndogo nyeusi jichoni, anazungusha kipete cha lenzi kwenda na kurudi, hapigi.

"Kaka, unapiga au hupigi?"

"Napiga. Subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Simu yangu hii ingeshapiga picha ishirini."

"Na usingekumbuka hata moja." Hakutoa jicho kwenye kamera. "Hii ni rangefinda, dada. Sitazami kwenye lenzi, natazama kwenye kidirisha hapa pembeni. Sasa hivi nakuona mko wawili. Nikizungusha, mnasogeleana. Mkishakuwa mmoja, ndipo napiga."

"Na hao wawili wote wamekasirika?"

"Wote wawili."

Kamera ikalia, tk, kasauti kadogo ambako Hilaria alikasikia kwa sababu tu alikuwa ameacha kupumua. Ndipo akacheka, kwa kuchelewa, na kijana akacheka naye. Aliitwa Noeli Mazengo, mpiga picha wa harusi na pasipoti, ana studio chumba kimoja Chang'ombe. Kamera haikuwa yake. Aliiazima kwa mwalimu mmoja Mjerumani wa chuo kikuu. Alirudi bandani mara tatu siku ile, na mara ya tatu alikuja na maji.

Basi yakaanza. Hilaria alikuwa afisa ununuzi wa wizara, mwanamke wa miaka thelathini na mbili anayelipwa mshahara kwa kuuliza wazabuni kwa nini kitu kina bei hiyo. Noeli alikuwa mtu wa kusimama katikati ya barabara kwa sababu mwanga umeangukia gunia la karanga. Walikula zabibu kwenye mfuko mmoja, wakashindana kutema mbegu. Jioni simu haikulala.

"Hila wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umepokea hela za wale wa kipaimara?"

"Mapenzi gani haya ya kudaiana risiti?"

"Haya haya. Umepokea?"

"Nimepokea, mama."

Noeli alikuwa na nyumba Mkonze, kuta zimefika usawa wa renta, juu ya madirisha, na juu yake mawingu matupu. Hapo ndipo posa ilipokwama. Alisema hawezi kutuma washenga kwa Mzee Bernardo, baba yake Hilaria, wakati hana hata paa la kumwingiza binti wa watu. Hilaria alikubali. Walichanga mwaka mzima, yeye akaacha hadi kusuka rasta, na Noeli akaweka fedha zote kwenye laini yake ya simu. Milioni saba na nusu, za mbao na bati. Kipindi hicho hicho mdogo wake Hilaria, Emiliana, akachumbiwa, akalipiwa mahari, akapangiwa tarehe. Shangazi zake Hilaria wakaanza kumtazama kwa huruma, na hakuna kitu alichokichukia kama ile huruma.

Jumamosi moja ya Juni akaenda Mkonze kuona bati. Alivaa raba na gauni la zamani, tayari kwa kazi. Noeli alikuwa amesimama sebuleni, juani, anatabasamu peke yake.

"Bati ziko wapi?"

"Hila, kaa kwanza."

"Nikae wapi? Nyumba haina hata stuli. Noeli, bati ziko wapi?"

Akaitoa mfukoni. Ile ile, nyeusi, ndogo.

"Mwalimu anarudi kwao. Aliniuzia bei ya kutupa. Mpya yake, pamoja na lenzi, ni mara tatu ya hapo. Nisingeipata tena maisha yangu yote."

Hilaria akaegemea ukuta ambao haujapigwa lipu, kisha ile tabia ya ofisini ikamjia yenyewe.

"Inavuta vitu vya mbali?"

"Haivuti. Unasogea mwenyewe kwa miguu."

"Inapiga video?"

"Hapana."

"Inajirekebisha yenyewe, kama ile yako ya kazini?"

"Unairekebisha wewe."

"Ikinyeshewa?"

"Isinyeshewe."

"Na huu mkanda mweusi umeubandika wa nini hapa nyuma?"

"Nimeziba kioo. Nikiwa natazama picha niliyopiga sasa hivi, sikutazami wewe."

"Kwa hiyo," Hilaria alisema taratibu, na wazabuni wanaomfahamu wangeshakusanya makaratasi yao, "umechukua paa la nyumba, ukanunua kitu kisichofanya chochote, halafu hata hicho kidogo kinachofanya ukakiziba."

"Kinafanya kimoja. Kinanifanya nitazame. Ile ya kazini inapiga mia tano kwa harusi, nikifika nyumbani sikumbuki hata bibi harusi alikuwa nani. Na hii, Hila, naifurahia. Sijui nikuelezeje. Naifurahia kama mtoto."

Kama angedanganya ingekuwa rahisi. Angemwambia ni mtaji, itazaa, itarudisha, na Hilaria angemmaliza kwa hesabu. Lakini mtu anakwambia anafurahia, unamjibu nini? Alimfokea mpaka majirani wakachungulia, kisha akamsamehe nusu. Nusu ya pili aliiweka hadi Septemba, sherehe ya kumuaga Emiliana. Noeli angepiga picha bure, kama shemeji mtarajiwa. Wazee wote wa kwao Chemba wangekuwepo. Amwonyeshe hapo hiyo raha yake ina faida gani.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa Ihumwa, umepambwa zambarau na fedha, Emiliana ndani ya gauni la kung'aa ambalo hakuweza kulikalia, Hilaria kwenye kitenge cha sare kilichombana mabega. Noeli alifanya kazi vizuri na kamera yake kubwa, keki, ngoma, zawadi, hakuna aliyelalamika. Kisha ukafika wakati wa baraka. Mzee Bernardo, koti lake la kijivu la siku za kanisani, alimwendea bintiye, akamwekea mikono yote miwili kichwani, akaanza kumnenea kwa Kisandawe, lugha ya kwao. Ukumbi mzima ukanyamaza, ule mlio wa ulimi unaogonga ukisikika mpaka nyuma kwa wapishi. Noeli akaweka chini kamera ya kazi. Kwa jambo kama hili alitaka ile nzuri. Tena alikwishamwomba mshereheshaji awaambie watu wote washushe simu, mpiga picha yupo, wamwachie mzee nafasi yake. Watu wakazishusha, hata shangazi zake Hilaria.

Hilaria alimwona akipiga goti, uso umetulia, anazungusha kile kipete kwa kidole kimoja. Kwa mara ya kwanza tangu Juni alijisikia kumpenda bila kukunja uso. Alilia kidogo, akafuta kwa ncha ya kitenge.

Wiki ya kwanza baada ya sherehe akapiga simu.

"Mpenzi, baba anauliza picha za baraka."

"Zinasafishwa."

"Zinasafishwa wapi, mtoni?"

"Hila, nipe siku mbili."

Siku mbili zikawa sita. Picha za keki zilikuja, za ngoma zilikuja, ya shangazi anakula kuku ilikuja. Za baraka hakuna. Simu ikaanza kuita bila kupokelewa. Kisha ikaanza kupokelewa na kukohoa. "Niko na mteja." "Umeme umekatika." "Betri." Hilaria alikaa ofisini akitazama ukuta, akajiambia kuna mwanamke. Alimtafutia hata jina, akamchukia wiki nzima. Ijumaa akatoka kazini saa tisa na nusu na kwenda Chang'ombe, na viatu vyake vya ofisi, akaufunga mlango wa studio kwa nyuma.

"Nani huyo?"

"Nani yupi?"

"Anayekufanya usipokee simu zangu."

Noeli alimtazama, kisha akageuza kompyuta. Kulikuwa na picha kumi na moja, zote nyeusi tii.

"Sijaelewa."

"Kifuniko cha lenzi," Noeli alisema. "Sikukitoa. Kamera zingine ungeona giza ukajua. Hii unatazama kwenye kidirisha pembeni, unaona kila kitu, mzee, Emiliana, machozi, kila kitu. Na kioo nilikuwa nimekiziba. Nilipiga kumi na moja, Hila. Zilikuwa nzuri sana."

Jamani! Kama kungekuwa na mwanamke mwingine, Hilaria angejua pa kuanzia. Lakini kifuniko? Cha plastiki? Paa la nyumba limegeuka kamera, kamera imepiga kifuniko, watu mia mbili wameshusha simu kwa heshima ya kifuniko!

"Ungeniambia siku ile ile."

"Nilishindwa."

"Wiki mbili unanidanganya mimi, na baba yangu anasubiri. Fedha ulizila ukasema ukweli, nikakusamehe. Sasa umeanza na uongo. Mimi siolewi na mtu wa 'betri', Noeli. Tumemalizana."

Akatoka. Hakupokea simu yake siku ile, wala ya kesho yake. Siku ya tatu simu zikakoma, na hilo nalo likamkera. Alilala vibaya, akaamka vibaya, akamrudishia mzabuni mmoja zabuni yake kwa kosa la koma. Siku ya tisa, asubuhi, baba yake akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mwenzako alikuwa hapa."

"Mwenzangu nani?"

"Wa kamera. Amekuja na basi, ameshinda, amelala, ameondoka leo. Nilimpa chai akaikataa mpaka aseme kwanza. Akasema, baba, nimepoteza picha za baraka yako, na nimemdanganya Hilaria kuhusu hizo picha. Hakukuja na mtu wa kumsemea. Peke yake tu, na vumbi lake."

Hilaria akakaa kitandani. "Ukamwambiaje?"

"Aliomba nirudie, apige upya. Nikamwambia hapana. Baraka alipewa Emiliana, haikupewa kamera. Emiliana anayo. Halafu nikamwuliza bei. Akaitaja! Nikamwambia, kijana, wewe ni mjinga. Akasema, ndiyo baba." Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wanaume wengi ukiwaita wajinga wanakueleza. Huyu hakueleza."

"Baba, ile ni fedha ya bati."

"Najua. Ameniambia hilo pia. Nami nikaishika, nikatazama. Nilimtazama mama yako. Walikuwa wawili, nikazungusha, wakawa mmoja. Mwanangu, miaka arobaini sijamtazama mama yako muda mrefu namna ile. Amenifokea, ugali umepoa."

"Baba na wewe!"

"Ni ghali," Mzee Bernardo alisema. "Ni ghali sana. Mimi nisingenunua."

Jumamosi iliyofuata Hilaria alikwenda Mkonze. Hakujua anakwenda kusema nini, ila alijua ana maneno mengi. Alimkuta Noeli amechutama sebuleni, na sakafuni ametandaza picha zilizochapishwa, kila moja imewekewa kokoto isipeperuke.

"Mzee ameniomba picha yako moja," alisema, bila kunyanyuka. "Anasema hana hata moja tangu upate kipaimara. Nachagua. Halafu kuna mtu wa Arusha anaitaka kamera, anakuja Jumatatu. Bati utaziona Jumanne. Nilitaka ujue kwa mdomo wangu kabla hujasikia kwa mtu."

Hilaria aliinama. Yeye Nanenane, amekunja uso. Yeye sokoni, mdomo wazi, anamkatalia muuza nyanya. Yeye na zabibu shavuni, kidole kimenyooshwa. Yeye amefumba macho kwa hasira. Zilikuwa zaidi ya thelathini.

"Noeli, mbona zote nafoka?"

"Nikikwambia tabasamu unakuwa dada wa benki. Ukifoka unakuwa wewe. Nilizisubiri moja moja, hizi."

Alizitazama tena, taratibu. Maisha yake yote watu walikuwa wakimwambia apunguze makali, ndiyo maana hapati mume. Mama yake, shangazi zake, bosi wake. Na hapa alikuwa kasimama juu ya hasira zake zote, hakuna hata moja iliyotupwa, na katika kila moja alikuwa mzuri. Akakasirika kwa kuguswa hivyo.

"Mpigie huyo mtu wa Arusha. Asije."

"Hila..."

"Usinikatize! Hiyo kamera ni upumbavu, na bei yake ni upumbavu, na sitabadilisha neno. Lakini ukiiuza utanuna miaka ishirini, na nitakayeishi na huo mnuno ni mimi." Noeli alikuwa ameshaiinua kamera jichoni, naye akazidi kupandisha sauti. "Bati tutaanza upya, fedha zinakaa kwangu. Kwenye kazi za watu utatumia ile kubwa. Huo mkanda mweusi unatoka leo. Ukiharibu kitu, unaniambia siku ile ile, hata kama nitapasua dari, sijali. Na washenga wawe watatu, asiwemo mjomba wako anayependa kuimba, na wamfikie baba kabla Emiliana hajarudi kunitembelea na mimba!"

Kamera haikulia. Noeli aliishusha polepole mpaka kifuani. Macho yalikuwa yamelowa.

"Umesema washenga?"

"Nimesema watatu."

"Hila, hata paa hatuna."

"Kwani wanakuja hapa?" Hilaria alifoka. "Wanakwenda kwa baba. Kule kuna paa."