Hodi Ambazo Sikuzipiga

"Arvid, kwa Bi Salmela ulipiga hodi?"

Kaisa aliniuliza akiwa juu ya ngazi, anabandua picha ya mgombea wetu dirishani. Ilikuwa Jumatano, siku moja baada ya uchaguzi wa wabunge wa Washington, na tulikuwa tumeshindwa. Ofisi ya kampeni, ambayo zamani ilikuwa duka la viatu, ilinuka kahawa iliyolala.

"Nilipiga," nikasema. "Hakuwepo."

Akashuka ngazi taratibu, akatoa simu yake, akanionyesha orodha.

"Hapa uliandika amehama."

Nikaishika ile ngazi kana kwamba itaanguka.

"Alijaza fomu kanisani kwamba hana gari, tumfuate siku ya kura. Kwa vile uliandika amehama, madereva wakamwondoa kwenye orodha. Amenipigia asubuhi hii, Arvid. Wala hakulalamika, ameniomba radhi. Anadhani alisinzia, gari likaja likaondoka. Alikaa dirishani na koti lake tangu saa tatu asubuhi mpaka vituo vikafungwa."

"Kaisa..."

"Ulipiga hodi au hukupiga?"

"Sikupiga. Wala kwake, wala mtaa mzima wa Sampson."

"Nyumba ngapi?"

"Sitini na mbili."

Niseme ukweli, mimi siasa sikuwa na habari nazo. Ninaendesha gari la kusukuma theluji la wilaya, huku kaskazini mwa Michigan ambako theluji inaanza kabla watu hawajamaliza kuokota majani yaliyopukutika. Nilijiunga na kampeni kwa sababu ya Kaisa Lahti wa duka la dawa. Mgombea wetu, Mwalimu Oberg, alimfundisha shule, na Kaisa alimfanyia kazi bure kila Jumamosi kama anamfanyia mama yake. Wiki mbili za kwanza tulitembea pamoja nyumba kwa nyumba kuomba kura, yeye anaongea, mimi nashika makaratasi. Wiki ya tatu akanipa mtaa wangu peke yangu.

Dhoruba siiogopi. Lakini mlango wa mtu nisiyemjua unanikausha ulimi. Nilifika Sampson, nikakaa garini dakika ishirini, kisha nikaenda zangu kando ya ziwa. Nikala mkate wangu wa nyama na viazi huku nabonyeza simu: hayupo, hayupo, amehama, hayupo. Amehama niliziweka chache tu, ili orodha ifanane na kweli.

Jioni Kaisa alinisimamisha mbele ya wenzetu wote. "Arvid kamaliza Sampson peke yake," akasema, wakanipigia makofi. Tulipotoka akanibusu kwenye maegesho. Nilijua palepale kwamba busu lile halikuwa langu, na nikalipokea.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu, picha ya Mwalimu Oberg imekunjwa kwapani.

"Tumeshindwa kwa kura elfu tisa," nikasema. "Hata ningepiga hodi zote..."

"Sijakuuliza hesabu. Yule bibi alivaa koti."

"Niliogopa."

"Ungeniambia unaogopa, ningekwenda mimi. Ningekupenda vilevile."

"Na sasa?"

"Sasa sijui nilimpenda nani."

Aliondoka akaniacha na ngazi. Baada ya saa moja ukaingia ujumbe: "Usinitafute. Radhi kaiombe kwa mwenye koti."

Ilinichukua siku tatu. Jumamosi nikasimama kwenye kibaraza cha Bi Salmela, nikapiga hodi kwa mara ya kwanza. Alifungua akiwa ameshika kigari chake cha kutembelea, mwanamke mdogo mwenye nywele nyeupe.

"Bibi, naitwa Arvid Maki. Mimi ndiye nilipaswa kuja kwako kabla ya kura. Sikuja, wala sikugonga nyumba yoyote ya mtaa huu. Nikaandika umehama."

Aliegemea kigari chake.

"Kwa hiyo sikusinzia."

"Hukusinzia, bibi."

"Unajua nimemwambia nini binti yangu aliye mji wa Duluth? Nimemwambia akili yangu imeanza kwenda. Ameshaanza kuniulizia makao ya wazee."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya kura moja, kumbe nilikuwa nimemwibia bibi wa watu imani ya kichwa chake mwenyewe.

"Ingia," akasema. "Vua viatu. Utampigia wewe."

Akabonyeza namba, akaweka simu katikati ya meza.

"Mama? Kuna nini?"

"Kuna mtu hapa anataka kusema na wewe."

"Dada," nikaanza, "mama yako hakusinzia siku ya kura. Hakuna gari lililokwenda. Mimi ndiye nilidanganya kwamba amehama."

"Kwa nini?"

"Niliona haya kupiga hodi."

"Una miaka mingapi wewe?"

"Thelathini na nne."

Bi Salmela aliinamisha uso. Nadhani aliona haya kwa niaba yangu, na hilo liliniuma kuliko kutukanwa. Binti akasema, "Mama, tutaongea baadaye mambo ya makao," akakata.

"Nimekusamehe?" Bi Salmela akajiuliza kwa sauti. "Bado. Zimebaki nyumba ngapi?"

"Sitini na moja."

"Basi unakaa hapa unafanya nini?"

Nilizimaliza kwa Jumamosi nne. Wengine walinifungia mlango usoni, mzee mmoja akacheka hadi akakohoa. Mwalimu Oberg nilimwandikia barua. Akanijibu mstari mmoja, kwamba ameipokea. Kaisa nilikuwa namwona kupitia kioo cha duka la dawa. Sikuingia.

Mwezi wa Mei kukawa na kura ya shule za mji. Bi Salmela akanipigia: "Kijana, saa nne. Usichelewe." Nilifika saa tatu na nusu. Alikuwa tayari amevaa koti. Akapiga kura yake, akatoka na kibandiko cha 'Nimepiga kura' kifuani, akaniamuru nipite duka la dawa.

"Nina dawa ya kuchukua. Kaa hapo."

Aliingia. Aliyetoka ni Kaisa. Akafungua mlango wa mbele, akakaa kando yangu bila kunitazama.

"Kaniambia yuko tayari kuwasubirisha wateja wangu wote mpaka niongee na wewe," akasema. "Kaniambia na habari ya simu ya Duluth."

"Simu ile ilinivua nguo."

"Nimekasirika miezi sita, Arvid. Nimechoka, lakini hasira haijaisha."

"Sikuombi iishe."

"Yale makofi. Nilikusifu mbele ya watu."

"Kila nikilala nayasikia."

Akawa anazungushazungusha kitambulisho chake cha kazini.

"Ukiogopa tena, utaniambia?"

"Naogopa sasa hivi."

"Unaogopa nini?"

"Utafungua huo mlango, ushuke."

Dirishani mwa duka Bi Salmela alikuwa akitutazama waziwazi. Kaisa akavuta mkanda wa kiti, akaufunga.