Kava za Chini Hupumzika Kiangazi

Kila asubuhi, nikimaliza sala, nilichukua kitambaa na kuifuta pikipiki ya marehemu mume wangu. Nilianza na tangi. Kisha nilishuka kwenye zile kava mbili za chini, nyeusi na pana kama sinia, zinazokaa mbele ya miguu ya dereva. Hizo ndizo nilizozipenda kuliko vyote. Zilikuwa zinang'aa hata ungeweza kujitazama humo ukafunga kilemba.

Mume wangu alikuwa fundi wa pampu za visima. Alifanya kazi mbali. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwaka, likizo yake, nayo iliangukia msimu wa mvua. Kila alipoingia uani, tuliiona pikipiki ileile, na kava zake, na matope yake. Mvua za mwaka jana alirudi, akaugua, Mungu akamchukua. Pikipiki ikabaki uani. Nikasema mbele ya ndugu wote:

"Itakaa kama alivyoiacha. Hakuna wa kutoa hata skrubu."

Binti yetu alisomea kazi ileile ya baba yake. Majirani wanamwita Bi Pampu. Alipoajiriwa, nilimkabidhi pikipiki, nikambariki, nikamkumbusha sharti langu. Miezi ya mvua na ya baridi alifurahi sana.

"Mama, hizi kava ni blanketi," aliniambia. "Upepo haunigusi. Matope hayanifiki."

Kisha kiangazi kikaja.

Siku za kwanza alilalamika kidogo. "Leo nimeokwa miguu, mama." Nikamwambia pole, kunywa maji. Lakini mimi ni mtu wa kutazama. Niliona ngozi ya miguu yake imekuwa nyekundu chini ya magoti. Niliona anakaa muda mrefu kivulini kabla ya kuvua viatu. Tena niliona amepunguza maneno. Mtoto anayeongea kama redio akinyamaza, mama yake anajua kuna jambo.

Jumanne moja, saa saba mchana, nilisikia pikipiki ikiingia. Injini ikazimika. Akashusha mguu, mguu ukakataa. Pikipiki ikaegemea pipa la maji, na yeye akaanguka upande wa pili.

Nilikimbia. Mwili wake ulikuwa wa moto, macho hayanioni. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alitoka chumbani kwake akanisaidia kumbeba hadi kivulini. Tulimvua viatu na koti. Nikamwekea vitambaa vya maji shingoni na kwapani. Shemeji akampepea kwa mfuniko wa ndoo. Alipopata fahamu vizuri, nikamnywesha maji funda kwa funda. Moyoni nilisema, "Ee Mungu, mmoja umeshamchukua."

Neno la kwanza alilotamka halikunihusu mimi wala yeye mwenyewe.

"Mama, pampu ya zahanati. Nimeiacha imefunguliwa. Leo ni siku ya tatu hawana maji, na kuna kina mama wanaojifungua mle."

Nilichomoa ufunguo wa pikipiki nikauweka chini ya kitabu changu cha sala. Shemeji akatikisa kichwa.

"Mimi nilisema tangu mwanzo. Shemeji, uza hilo jiko la magurudumu, ununue kabati."

Binti yangu alilala tangu saa hiyo. Kesho yake alfajiri aliamka mzima, mwepesi, na maneno yake yamerudi.

"Mama, naomba ufunguo."

"Ufunguo umelala."

"Basi uamshe. Zahanati wananisubiri."

"Wewe ukianguka njiani, nani atakuokota? Pampu?"

Akakaa karibu yangu. "Sikiliza, mama yangu. Injini inatoa joto. Kava zinalifungia joto hilo kwenye miguu yangu, halafu zinauzuia upepo usinifikie. Najipika mwenyewe kila siku. Tuzitoe hizo mbili tu, hadi mvua zirudi."

"Baba yako aliendesha miaka mingi akiwa nazo."

"Uliwahi kumwona akiendesha kiangazi?"

Nilikasirika, maana swali zuri usilokuwa na jibu lake linaudhi.

Shemeji alikuwa ameshatusikia. Akaja na kisu cha jikoni. "Mbona kazi ya dakika moja! Unachokonoa hapa, unavuta, imekwisha." Kabla sijainuka, ameshakipenyeza kisu ukingoni. Tukasikia *ka!* Ufa mwembamba, mstari mweupe, ukatokea kwenye ile kava niliyoifuta kwa mwaka mzima.

Nilimpokonya. "Hiki ni kisu cha vitunguu! Na hiyo ni pikipiki ya kaka yako!"

"Nilikuwa nasaidia tu, shemeji."

"Saidia kwa kusukuma. Twende kwa fundi. Hatuendi kutoa kitu, tunaenda kuuliza. Kuuliza si ujinga."

Ufunguo sikuutoa. Tukaisukuma. Binti alishika usukani, shemeji akasukuma kwa nyuma huku analalamika: "Ufunguo upo, petroli imo, na sisi tunasukuma! Watu wakiuliza, nitasema tumeifuga."

Bahati nzuri gereji haikuwa mbali. Fundi wa pale wanamwita Taratibu, na hajawahi kulikana jina hilo. Ukutani kwake kila spana ina mahali pake, na nyuma ya kila spana amechora umbo lake kwa rangi, ili ikikosekana aione. Alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasogeza kiganja karibu na injini.

"Imepoa. Vizuri. Ikiwa ya moto hatugusi, tunasubiri." Akaona ule mstari mweupe. "Nani alitumia kisu?"

Shemeji akatazama bati la juu.

"Kava isipotoka, ujue kuna kitu bado kinaishika," fundi akasema. "Tafuta skrubu uliyoisahau. Usivute kwa hasira. Plastiki haina deni na mtu, ukiionea inapasuka."

"Fundi," nikamwuliza, "binti yangu anasema kava zinampika. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Kava hizi ni koti la miguu. Wakati wa mvua na baridi ni nzuri mno. Wewe unaweza kuvaa koti la baridi jua la saa saba?"

"Hapana."

"Basi na miguu yake haiwezi. Ila si kila pikipiki inavuliwa hivi. Nyingine kava yake inaongoza hewa kwenye injini, ukiitoa injini inachemka. Lazima usome kitabu cha pikipiki au umwulize anayeijua. Hii ya kwenu imetengenezwa zitoke."

Nilitazama chini. Nilitazama ile pikipiki. Niliona tena mguu wa binti yangu ukikataa kusimama.

"Toa moja," nikasema. "Moja tu, nione."

Fundi aliisimamisha kwenye stendi kubwa, mahali pa tambarare. Aliosha matope kwanza, mchanga usikwaruze rangi. Akampa binti bisibisi.

"Wewe ndiye mwenye safari, basi fungua mwenyewe. Mkono mmoja ushike kava tangu skrubu ya kwanza. Ya mwisho ikitoka, isianguke."

Binti alifungua moja, mbili, tatu. Kila skrubu ilikuwa na mpira mdogo wa duara.

"Hiyo mipira msiipoteze," fundi akasema. "Ndiyo inayozuia kava isitetemeke ikachanika. Na tazama hii ya nne, ni ndefu. Imeshika kava na chuma cha kinga kwa pamoja. Hiyo tukishatoa kava, tunairudisha ikaendelee kushika chuma. Wengi huisahau, na chuma kinalegea barabarani."

Ile ya nne ikatoka. Binti akaivuta kava kidogo kidogo, ikaja yenyewe bila kelele.

Jamani. Nilikuwa nimeifuta pikipiki ile kwa mwaka mzima, na injini yake sikuwa nimeiona. Ilikuwa na mapande membamba ya chuma, yamepangwa kama kurasa za kitabu, na kati ya kila ukurasa na mwenzake kuna nafasi. Nilipeleka kidole, kisha nikaurudisha mkono. Niliona haya, kama niliyefungua mlango bila kubisha.

"Hizo nafasi ni za nini?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Za upepo, mama. Upepo unapita katikati, unachukua joto, unaondoka nalo."

Upepo tu! Kitu ambacho Mungu anakitoa bure kila siku, na mtu akakaa chini akakitengenezea njia. Nilisimama pale kinywa wazi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Fundi alikuwa anaipangusa kava kwa ndani, ambako kitambaa changu hakikuwahi kufika. Tope kavu lilikuwa limeganda. Akasita.

"Mama, huu ni mwandiko wa nani?"

Tope lilipotoka, yakaonekana maneno kwa rangi nyeupe: *Kiangazi toa. Mvua rudisha.* Pembeni kuna kitone kimoja. Chini yake mistari tisa ya kusimama, na kila mstari umekatwa kwa mstari mwingine.

Mwandiko ule niliujua. Barua zake zote ninazo.

Shemeji alihesabu kwa kidole. "Miaka tisa. Pikipiki aliinunua miaka tisa kabla hajafa."

"Kila kiangazi alitoa, akachora mstari," fundi akasema polepole. "Mvua zikija alirudisha, akaukata. Yote imekatwa. Alizirudisha, akasafiri kuja kwenu."

Binti yangu alinishika bega. Mimi niliketi kwenye tairi kuukuu. Kumbe nilikuwa nimeishikilia nusu ya pikipiki na kuiita yote.

"Fungua ya pili," nikamwambia.

Ya pili kwa ndani ilikuwa na vitone viwili.

Niliruka kama msichana. "Nisubirini!"

Nyumbani nina mikebe miwili. Ilikuja na vitu vya marehemu kutoka kazini kwake, mitupu, imeviringishwa ndani ya shuka la kijani lenye mafuta. Mmoja una kitone cha rangi nyeupe juu ya kifuniko, mwingine viwili. Sikujua ni vya nini. Wa kwanza niliutia vifungo vya nguo, wa pili sindano na uzi. Nilimwaga vifungo kitandani, nikamwaga na sindano, nikachukua shuka, nikarudi gerejini huku kilemba kinadondoka.

Fundi Taratibu alipokea mikebe kwa mikono miwili. Kitone kimoja, kava ya kushoto. Vitone viwili, ya kulia. Alitia humo skrubu na mipira ya kila upande, isipokuwa zile ndefu, ambazo alikuwa ameshazirudisha kwenye chuma cha kinga.

"Huyu mzee," akasema, "alikuwa fundi."

Kisha akamwonyesha binti jinsi ya kuzihifadhi. Walizisafisha kwa maji na sabuni ya kawaida, bila petroli, maana petroli hula rangi. Wakazikausha kivulini.

"Zikiwa na unyevu usizifunge," alisema. "Wala usizifunge kwa nailoni, zitatoa jasho ndani. Tumia kitambaa laini kama hili shuka. Usizibebanishe zikagusana, weka kitambaa katikati. Na usiweke kitu kizito juu yake."

"Chini ya kitanda?" nikauliza.

"Nani analala juu yake?"

"Shemeji."

"Basi hapana, kitanda kitabonyea. Weka juu ya kabati, mbali na jua, jiko na panya."

"Kabati hatuna," shemeji akadakia. "Ndiyo maana nilisema tununue!"

Tulicheka, hata mimi.

Fundi alikagua kama kuna waya au mpira uliobaki ukining'inia karibu na bomba la moshi. Akaukaza mmoja. Akamgeukia binti. "Kava zimetoka, lakini bomba bado linaunguza. Suruali ndefu na viatu vya juu, kila siku. Chupa ya maji usiiache. Kichwa kikigonga, simama kivulini. Pampu itasubiri, mtu hasubiri."

Nilitoa ufunguo mfukoni. Ndiyo, niliutoa chini ya kitabu asubuhi, nikawa nao muda wote. Nilimwekea kiganjani.

"Nenda. Mwendo wa adabu."

Alirudi saa kumi. Mimi nilikuwa getini tangu saa nane, natazama. Alishusha mguu, mguu ukasimama imara. Nilimgusa chini ya goti kwa juu ya suruali. Palikuwa pa kawaida, kama mguu wa mtu.

"Mama! Upepo unapita hapa, unazunguka hapa, unatokea hapa! Na pampu imekubali, na yule mkunga kanimwagia maji kichwani kwa furaha, na baba mdogo yuko wapi nimwambie..."

Redio imerudi. Akanipa chupa.

"Maji ya zahanati. Yaonje."

Nilikunywa nikiwa nimesimama, kisha nikamshukuru Mungu nikiwa nimepiga magoti. Jioni hiyo tulifungua shuka la kijani. Binti alinipa brashi ndogo ya rangi, nami nikachora mstari wa kumi. Ulipinda kidogo.

Mvua zilipokaribia, binti alifungua mikebe. Hapakukosekana skrubu wala mpira. Ule ufa wa kisu fundi alikuwa ameutoboa tundu dogo mwishoni usiendelee, na haukuendelea. Kabla kava hazijafungwa, nilichukua brashi nikaukata mstari wangu.

Asubuhi yake nilimaliza sala, nikashika kitambaa, nikatoka uani. Kava ziling'aa. Nilizifuta nikisema moyoni kwamba sasa ndiyo iko kama alivyoiacha.