Mkanda wa Stefania

Stefania hakuwa na midomo inayokutana. Hakuwa na picha hata moja aliyopigwa akitazama mbele. Hakuwa na nafasi katika kwaya, maana alikataa kufungua kinywa mbele za watu, na shuleni hakuwa hata na jina lake la ubatizo, walimwita Panya. Meno yake ya juu yalitoka nje. Hiyo ndiyo dosari yake yote.

Ndugu zangu wa Korogwe na Handeni, nyumba yao pale Masuguru ilikuwa na amani. Baba yake, Laurenti, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge. Jioni mama yake, Yuditha, akipepeta mahindi, niliwasikia wakicheka hadi kwangu, upande wa pili wa ua. Mwaka 1957 akatokea daktari wa meno, Mhindi, aliyekubali kumtibu binti bila malipo. Niliwasindikiza.

"Nitang'oa meno mawili ya juu, moja kila upande," alisema daktari. "Nafasi hizo ni za kurudishia meno ya mbele. Waya utayavuta kwa kushikilia magego. Lakini magego nayo huvutwa. Bwana nyapara, mkikaza seng'enge shambani, nguzo ya kona isipowekewa mhimili, inakuwaje?"

"Waya utaiinamisha!" Laurenti akacheka.

"Basi mhimili wa magego ni huu." Akatoa mkanda wa kitambaa, wa kupita kisogoni na kushika waya wa nje ya mdomo. "Avae kila usiku. Asipovaa, magego yatasogea mbele na kula nafasi yote."

Waya zilipofungwa, Laurenti alivimba kichwa. Alimpitisha binti sokoni. "Cheka, mama, wakuone!"

Jioni moja jirani yao Hamisa aliingia kuomba moto, akamkuta Stefania amevaa mkanda.

"Heee! Nyapara, umemtia mtoto hatamu? Mnamtwika mizigo lini, kama punda wa Wamasai?"

Watu wa uani wakaangua kicheko. Laurenti naye akacheka, lakini uso ulimbadilika. Hamisa alipotoka, Laurenti aliufungua mkanda ule akautupa chooni.

"Baba, daktari alisema..."

"Waya unazo, zinaonekana. Mwanangu hafungwi kama mnyama."

"Baba Stefania," Yuditha akasema taratibu, "na mhimili je?"

"Nimesema!"

Kila walipokwenda kwa daktari, Laurenti alijibu yeye, haraka, "Anavaa." Binti alitazama sakafu. Hadi siku moja daktari akapima, akapima tena, akaweka vyombo chini.

"Magego yamekuja mbele. Nafasi zimejaa, na meno ya mbele yako palepale."

"Na yale uliyong'oa?" Stefania akauliza.

"Hayarudi, mwanangu." Kisha akamgeukia baba. "Naweza kujaribu kuyasukuma magego nyuma. Ni kazi ndefu. Lakini kwanza uniandikie kwamba mkanda haukuvaliwa, na kwamba sasa utavaliwa. La sivyo, nitaziondoa waya."

Laurenti alikuja kwangu, kwa kuwa alijua nimesoma shule ya usiku na karatasi hazikosekani mezani pangu. Stefania alimfuata.

"Andika ukweli," nilimwambia. "Mistari miwili inatosha."

"Nimwandikie Mhindi kwamba mimi mwongo? Mbele ya mwanangu?"

"Mwanao anajua tayari."

Akavuta karatasi, akachukua kalamu. Alipoinama kuandika, nikaona anamwandikia mkuu wa wilaya, kwamba daktari amemng'oa mtoto meno bila sababu na kumharibu.

FUNZO

Mzazi, kitu kinachosifiwa na watu huenda kisiwe ndicho kinachofanya kazi. Ukimlea mtoto kwa kuogopa vicheko vya majirani, wao watacheka jioni moja tu, na mtoto atabaki na hasara maisha yake yote. Ukikosea, kiri wakati bado kuna la kuokoa. Heshima inayolindwa kwa uongo hulipwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mdogo, hana sauti.

Maneno hayo hayo nilimwambia Laurenti pale mezani. Hakuniangalia.

"Baba," Stefania akasema, mkono umefunika kinywa, "mimi nitauvaa. Wacha wacheke."

Laurenti akaramba gundi, akaifunga bahasha, akaikandamiza kwa ngumi. Kisha akavaa kofia yake ya unyapara, akampita binti mlangoni, akaenda kuitia posta.