Maua Chini ya Tuta

Sokoni Sumbawanga, Jumamosi moja kabla ya mvua, Zita alishika fungu la mwisho la vitunguu vya maua, na kijana mwenye koti la jinzi akalishika upande wa pili. Hakuna aliyeachia. Muuzaji, mama mmoja kutoka Pito, akawauliza kama wanataka avikate katikati.

Kijana aliitwa Enock, fundi simu, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Milepa. Mwishowe aliachia yeye, akaomba namba. Zita, fundi cherehani, aliyekuwa amevaa gauni la kitenge alilolibana kiunoni kwa makusudi, akampa. Tangu siku hiyo simu yake haikupoa.

"Nije lini nyumbani nimsalimie mama?" Enock aliuliza.

"Maua yakichanua," Zita akajibu kwa maringo. "Mbona haraka, mpenzi? Hata ng'ombe wenu hawazai kwa wiki."

Mdomo huponza kichwa. Zita alipanda vile vitunguu kama Mfipa aliyezaliwa shambani: akalaza nyasi uani, akavipanga juu yake, akavifukia kwa tuta la duara, ntumba nene iliyofika magotini. Maharage hupenda hivyo. Mvua zikanyesha, maua ya jirani yao Josefina yakawaka mekundu hadi wapita njia wakasimama. Kwa Zita, kimya.

Enock akawa anauliza, Zita anajibu bado, kwa aibu. Siku moja sauti ya Enock ikabadilika.

"Zita, kama kwenu hawamtaki mchunga ng'ombe, niambie. Usijifiche nyuma ya maua."

Akakata simu, na hakupiga tena.

Zita alilia mpaka akachoshwa na kilio chake mwenyewe. Akachukua jembe, akalipasua tuta. Vitunguu vilikuwa hai, vimetoa machipukizi meupe marefu kama tambi, yamejikunja kwa uzito wa udongo. Mama yake, Fransiska, alicheka hadi akashika ukuta.

"Mwanangu, uliyapanda au uliyazika?"

Zita hakungoja kunawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Enock, kanga imejaa tope, akaweka kitunguu kimoja mezani katikati ya simu zilizofunguliwa. Wateja wakageuka kumtazama.

"Hayakuchanua kwa sababu niliyafukia kama maharage," alisema. "Kosa ni langu, si la watu wa kwetu. Nakupenda, na sitaki tena kungoja maua."

Enock alikitazama kitunguu, akamtazama yeye.

"Kwa hiyo usingizi wangu wote uliibwa na tuta?"

"Tuta moja tu, mpenzi."

"Basi hata mimi singoji. Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali."

Enock akachukua simu yake, akampigia baba yake Milepa, akaongea Kisukuma kwa muda mrefu. Zita aliambulia neno moja tu, jina lake, na lilitajwa mara nyingi.